Mafua yako tuambie, tarehe tusikunyang'anye

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa siku chache zilizopita, yule aliyelalamika kwamba kijana wake kalala na njaa akisubiri opareshini ya ngiri, asubuhi kavalishwa gauni la hospitali, kachorwa na alama mahali pa kupasuliwa, afu saa nne kaja mtu kamsikiliza kifua na kumwambia vaa nguo zako urudi nyumbani. Sababu mafua. "Mafua tu!" ndivyo alivyoandika, na hiyo "tu" imenikaa rohoni mana mimi ni mmoja wa hao watu wanaokuja saa nne kusema rudi nyumbani.

Kazi yangu ni usingizi. Nawalaza watu, nawapumulia wakiwa wamelala, nawaamsha. Daktari wa upasuaji ndo mnaemkumbuka jina na ndo mnaempelekea shukrani, sisi mnatukuta dakika tano kabla hujalala na ukiamka umeshatusahau, sina kinyongo, ndo kazi ilivyo. Ila kwenye hili la mafua acha niseme, na nitasema ya upande wenu na ya upande wetu, mana yule mzazi ana haki ya kukasirika, sema hasira zake kazielekeza siko.

Nianze na mtoto mmoja, miaka minne hivi, alikuja kutolewa tonsili. Mama yake tulimuuliza kama kawaida: ana homa? Hana. Anakohoa? Hapana. Mafua je? Hapana kabisa. Mtoto mwenyewe anacheza, pua kavu, kifua kisafi, tukamlaza. Opareshini ikaenda vizuri tu, daktari kamaliza, kavua glovu, kashaanza kuongelea mgonjwa anaefuata. Tunamtoa mtoto ule mrija wa kupumulia, akavuta pumzi moja, ya pili haikuja. Kifua kinajitahidi kupanda, tumbo linaingia ndani, lakini hewa haipiti, hakuna sauti yoyote, na kwa tuliozoea kazi hii ukimya ule unatisha kuliko kelele. Nyuzi za sauti zimejifunga kama mlango uliopigwa komeo kwa ndani. Mashine ya kupima oksijeni ya damu ambayo muda wote inalia tii tii kwa sauti nyembamba ikaanza kushuka sauti, kila oksijeni inavyopungua na sauti inazidi kuwa nzito, hata ukiwa umeipa mgongo unajua. Midomo ikabadilika rangi. Tukamkandamizia barakoa ya oksijeni, tukasukuma hewa kwa nguvu, taya tukalivuta mbele, haikufunguka, ikabidi nimchome dawa ya usingizi kidogo na ile ya kulegeza misuli ndo koo likaachia. Yote hayo hayakufika dakika mbili. Mtoto akapona bila shida yoyote, kesho yake alikuwa anadai vitu vya baridi.

Nikatoka kumweleza mama. Akalia, afu akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto alikuwa na mafua na kikohozi siku nne nyuma, na asubuhi ile kamfuta makamasi nje kabla hawajaingia mlangoni. Nikamuuliza kwanini hukutuambia. Akanijibu "mngeahirisha, na mi nimesubiri miezi sita."

Mhariri, watu wanapenda sana ile methali ya mficha maradhi. Huyu mama lakini hakuficha kwa ujinga, alificha kwa hesabu. Alijua akisema kweli atapoteza tarehe, na kwa jinsi tulivyopanga mambo yetu hesabu yake ilikuwa sahihi! Hapo ndo penyewe, na nitaparudia, ila kwanza acha nieleze kwanini mafua ya siku nne yaliyokwisha yanaweza kumfunga mtoto koo, mana hili wengi hawalielewi na sio kosa lao.

Kirusi cha mafua kikiingia kinaishi kwenye ule utando laini uliotandikwa puani, kooni, mpaka kwenye mirija ya mapafu. Kinaubomoa. Chini ya ule utando kuna ncha za mishipa ya fahamu, ndo zinazokufanya ukohoe ukipaliwa, na utando ukishabanduka zile ncha zinabaki uchi. Fikiria goti lililochubuka, kidonda kimekauka juu ila ukigusa tu unaruka. Sasa pua ikishaacha kutoa makamasi wewe unasema nimepona, na kweli umepona wa kwenda kazini, wa kucheza mpira, wa kila kitu, ila kule ndani bado pana goti lililochubuka, na mimi nataka kupitisha mrija wa plastiki hapo hapo. Mwaka 1976 kuna watafiti walichukua watu wazima wenye afya zao, hawana pumu wala nini, waliokuwa wameshikwa na mafua, wakawavutisha kemikali inayobana mirija ya hewa. Mirija yao ikabana zaidi kuliko ya wasiougua, na hali ile ikachukua hadi wiki 6 au 7 kurudi kawaida. Wakiwapa atropini, dawa inayozuia amri za ule mshipa mkubwa wa fahamu unaotawala mirija ya hewa, kubana kunaisha. Yani tatizo halipo kwenye makamasi, lipo kwenye mishipa ya fahamu iliyochokozwa. Ndo mana ukitufutia pua mlangoni hujabadilisha kitu, umetuondolea dalili tu.

Kuna na vile vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu na makohozi kutoka chini ya mapafu kuja juu, kirusi kinavifyeka navyo na kuota tena kunachukua wiki kadhaa. Afu tukikupa nusu kaputi tunaongezea matatizo juu ya matatizo, dawa zenyewe zinapunguza ufagiaji, kikohozi tunakizima kwa makusudi, mapafu sehemu ya chini yanajikunja kidogo kwasababu umelala chali na misuli imelegea. Mtu mzima wa mapafu salama hilo anavuka bila hata kujua. Mwenye makohozi yaliyobaki kifuani, akipasuliwa tumbo, akiamka kila akitaka kukohoa mshono unauma, basi anaacha kukohoa, makohozi yanatulia chini, siku ya tatu homa, nimonia. Na familia inasema alikwenda kutibiwa ngiri karudi na kifua.

Ngiri yenyewe, kwa kuwa ndo iliyoanzisha barua hii, ina jambo lake. Hata kama kijana angechomwa sindano ya ganzi ya mgongo asilazwe kabisa, na mapafu yake yakawa salama, bado kikohozi cha siku tatu mfululizo kinavuta mshono ule ule uliowekwa kuzuia tumbo lisisukume nje. Na mtoto wa jicho, pale wengi wanasema si ganzi tu, jicho linahusiana nini na kifua? Linahusiana mana unatakiwa utulie kama maji mtungini, mtu ana kifaa chenye ncha ndani ya jicho lako, ukipaliwa na kikohozi hapo sijui tutaelezana nini.

Sasa swali ninaloulizwa kila siku, wiki ngapi? Hapa watu wanataka namba moja na mi nawaelewa, lakini namba zipo kadhaa na kila moja ina mwenyewe.

Kwa watoto wenye mafua ya kawaida, utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2010 uliwafuatilia watoto zaidi ya 9,000 waliopewa usingizi. Hatari ya koo kujifunga, kifua kubana na oksijeni kushuka ilipanda kwa waliokuwa na dalili siku ile au walioumwa ndani ya wiki 2 zilizotangulia. Mafua yaliyopita wiki 2 hayakuonekana kuleta tofauti hiyo. Kwahiyo wengi wetu mafua ya puani tu tunasema wiki 2 baada ya kupona, yakishuka kifuani, mtoto ana homa, anakoroma kifua, analala siku nzima hataki kucheza, tunasogeza mpaka wiki 4 hadi 6. Mtu atasema basi si tusubiri wiki 6 kwa wote tumalize ubishi. Haiwezekani! Mtoto mdogo anapata mafua mara 6 mpaka 8 kwa mwaka, ukihesabu wiki 6 kila mara utakuta mwaka umeisha na siku ya kupasuliwa haipo, tena hao wa tonsili ndo pua hazikauki kwasababu ya hizo hizo tonsili tunazotaka kuzitoa. Kwahiyo ule wiki 2 ni mapatano kati ya hatari na uhalisia wa maisha, watu walikaa wakapima pande zote.

Korona ilikuja na namba zake na hizo ndo zimewachanganya watu zaidi. Mwanzoni kabisa, mwaka 2020, ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 1,128 kutoka nchi 24 waliopasuliwa huku wakiwa na kirusi kile au waligundulika nacho mara baada ya kupasuliwa, na ndani ya siku 30 karibu mmoja kati ya kila wanne alifariki, na nusu yao walipata matatizo ya mapafu. Sisi tuliokuwa kazini tuliisoma mara mbili mbili. Wengi wao walikuwa wa dharura, ni kweli, lakini hata hao wa kupangiwa tarehe hali haikuwa nzuri. Baadae ikaja kubwa zaidi, wagonjwa zaidi ya 140,000 kwenye nchi 116, wote walipasuliwa mwezi Oktoba 2020. Ambao hawakuwahi kuugua vifo vyao vilikuwa asilimia 1.5. Waliopasuliwa ndani ya wiki 2 baada ya kugundulika na kirusi asilimia 4.1, wiki ya 3 na 4 asilimia 3.9, wiki ya 5 na 6 bado 3.6, afu kuanzia wiki ya 7 ikashuka ghafla mpaka 1.5 sawa na wasiougua. Hapo ndo ilipotoka "wiki saba" mnayoisikia. Haikutoka hewani.

Ila kwenye utafiti ule ule kulikuwa na jambo ambalo halikupigiwa kelele sana na mi naona ndo la maana kuliko hata wiki 7 zenyewe. Wale waliovuka wiki 7 lakini bado wana dalili, bado wanahema juu juu, bado wanachoka, vifo vyao vilikuwa asilimia 6.0, wakati waliovuka wiki 7 na dalili zimeisha ilikuwa 2.4, na ambao hawakuwahi kuonyesha dalili 1.3. Kalenda peke yake haitoshi! Mtu anakuja ananihesabia siku kwa vidole, wiki saba zimetimia daktari, wakati amepanda ngazi moja tu kuja ofisini na anaongea kwa vipande vipande. Huyo namrudisha, namtafutia mtu wa kifua na moyo amwangalie. Mwingine ana wiki 3, aliumwa siku mbili, kachanjwa, anakimbia kila asubuhi, anataka opareshini ndogo ya mkono chini ya ganzi, huyo simuoni kwanini asifanyiwe.

Na namba zimebadilika, hili wenzangu wengine hospitalini wamelala nalo. Zile wiki 7 zilipimwa kabla ya chanjo na kabla ya Omikroni, ile aina ya kirusi cha korona iliyokuja baadae. Uingereza walilegeza mwaka 2022 wakasema tuangalie mtu mmoja mmoja, umri wake, ugonjwa ulivyomchapa, ukubwa wa opareshini, na Marekani nao mwaka 2023 wakatoa mwongozo kwamba mwenye hatari ndogo asubiri wiki 2, kati ya wiki 2 na 7 watu wakae chini wapime faida na hasara. Bado nakutana na wagonjwa walioandikiwa wiki 7 kama sheria, na wengine wanaambiwa walete kipimo kisicho na kirusi kwanza, wakati kile kipimo cha kutafuta vinasaba vya kirusi kinaweza kuendelea kusema "upo" wiki na wiki baada ya mtu kupona, kinaona mabaki tu ya kirusi kilichokufa. Mtu anakwama nyumbani kwasababu ya mabaki.

Mafua makali, yani ile homa ya mafua yenyewe inayokulaza kitandani na viungo vyote vinauma, nayo isichukuliwe poa hasa kwa wazee. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi ya Kanada iliyoonyesha kwamba ndani ya siku 7 za kwanza baada ya kugundulika na homa ya mafua, uwezekano wa kupata shambulio la moyo unapanda karibu mara 6. Sasa mchukue mzee wa miaka sabini na presha yake, katoka kwenye homa hiyo wiki iliyopita, umlaze umbadilishe goti, damu ipotee kidogo, maumivu, moyo ukimbie. Goti limemsumbua miaka, litasubiri wiki chache tena, moyo ukigoma hausubiri.

Mpaka hapa nimewatetea watu wa usingizi, sasa nigeuke.

Sio kila mwenye mafua anarudishwa, na wapo wanaorudishwa bila sababu ya kueleweka. Mtoto mwenye kamasi jepesi kama maji, hana homa, kifua kisafi, anakula, anakimbia kwenye korido mpaka nesi anamkemea, kaja kufanyiwa kitu kidogo cha dakika kumi na tano, huyo mtu mwenye uzoefu anamlaza vizuri tu. Kuna mbinu, unampulizia dawa ya pumu kabla, unaanza na sindano ya mshipa badala ya gesi, unatumia barakoa badala ya kuingiza mrija kooni, unanyonya makohozi akiwa bado amelala. Tatizo huyo mwenye uzoefu siku ile anaweza asiwepo, na aliyepo akiona hana hakika akaahirisha, mimi simlaumu hata kidogo, bora lawama ya mzazi kuliko ile sauti ya mashine niliyowaambia. Lakini kusema ukweli, na wenzangu mtanisamehe, kuna siku orodha imejaa kupita kiasi, saa zimekwenda, na mafua ya mgonjwa wa mwisho ghafla yanakuwa makubwa kuliko yalivyokuwa asubuhi. Hilo lipo. Mgonjwa hana jinsi ya kujua lipi ni lipi, ndo mana nasema ana haki ya kuuliza: mmesikia nini kifuani kwangu? Ni usingizi gani mlitaka kunipa? Mwenye sababu atakujibu, na asiye nayo utamjua.

Kuna pia ambao kuahirisha kwao kuna bei kubwa. Mwenye saratani usimtendee kama mwenye ngiri. Mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti nyingi wakaona kila wiki 4 za kuchelewa kupasuliwa saratani zinaongeza hatari ya kufa kwa kama asilimia 6 mpaka 8, sasa ukimsogeza wiki 7 kwa mafua yaliyoisha unamkimbiza kwenye mvua unamtumbukiza mtoni. Hapo daktari wa upasuaji, wa saratani na wa usingizi wakae pamoja na mgonjwa mwenyewe akiwepo. Na dharura, utumbo umejisokota, mimba imetunga nje na imepasuka, hapo hata uje unakohoa damu tunakulaza, hatari tunaibeba kwa macho wazi.

Sasa nirudi kwa yule mama na hesabu yake. Mgonjwa akisema ukweli anapoteza tarehe anarudi mwisho wa foleni, akidanganya anabaki nayo. Mfumo ukishakuwa hivyo msishangae watu wanafuta pua mlangoni, hata mi ningekuwa mzazi wake sijui kama nisingefuta. Pale kwetu tulibishana sana baada ya yule mtoto. Mkubwa mmoja alitaka tuandike karatasi ya kumsainisha mzazi kwamba akidanganya shauri yake, nikamwambia karatasi haifungui koo. Tulichokubaliana mwisho ni kitu kidogo mno: nesi anapiga simu siku tatu kabla, anauliza maswali matatu manne, una mafua, una homa, unakohoa nini, yalianza lini. Kama yapo, anakupa tarehe mpya hapo hapo kwenye simu, ndani ya wiki 3 mpaka 6, jina linabaki mbele kwenye orodha. Nafasi yako anapigiwa mwingine aliye tayari. Hakuna anaelala na njaa bure, (na kwenye njaa hiyo, kwa kawaida chakula ni masaa 6 kabla ila maji matupu mpaka masaa 2 kabla, kumkausha mtoto toka usiku mpaka saa nne bila hata tone ni mazoea ya zamani, waulizeni.) Hakuna chumba cha upasuaji kinachokaa bure. Haikugharimu kitu zaidi ya simu.

Kwahiyo ndugu yangu uliyeandika, hasira zako zipeleke pale kwenye simu ambayo haikupigwa. Aliyemwambia kijana avae nguo zake pengine kamwokoa, lakini kwanini aambiwe saa nne asubuhi akiwa na njaa na sio siku mbili nyuma akiwa nyumbani? Na kwanini karudi bila tarehe mkononi? Hayo mawili yaulize, tena kwa maandishi, mimi nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono.

Na nyie mlio kwenye foleni, mkianza kuumwa msisubiri siku ifike, pigeni siku ile ile. Semeni yalianza lini, homa ilikuwepo, makohozi yana rangi gani, kifua kinapiga filimbi au la, kama una pumu, kama kuna anaevuta sigara ndani ya nyumba mana moshi ule kwa mtoto unaongeza hatari ile ile ya koo kufunga. Msimeze zile dawa za kukausha mafua asubuhi ya opareshini ili muonekane wazima, baadhi zinapandisha presha na mapigo ya moyo na mnatuletea tatizo la pili juu ya la kwanza. Antibayotiki nazo haziui kirusi, kuna watu wanazimeza wiki nzima ili "wakaushe kifua" kabla ya tarehe, hazikaushi kitu.

Majuzi kaja baba mmoja wa mgongo, tulimsogeza wiki tatu baada ya yeye mwenyewe kupiga simu kwamba anakohoa. Siku ilipofika, kabla hata sijamsalimia, akaninyooshea kidole: "Dokta, leo asubuhi nimepiga chafya. Moja. Nimeona niseme." Nikamuweka chini, nikamsikiliza kifua mbele na nyuma, nikamwambia avute pumzi ndefu, kimya kabisa, safi. Nikamuuliza hiyo chafya ilitokea wapi, akasema alikuwa anakung'uta shuka. Tukacheka, tukaingia ndani.

Ni mimi msomaji wako,
mtu wa usingizi.